Kwa Wema wa Viviane

Lori liliingia garajini kwetu kinyumenyume. Tulidhani dereva anageuza tu ili arudi barabarani, kwa hiyo mjomba wangu, Tonton Feruzi, alinyoosha mkono kumwongoza: kulia kidogo, kulia tena, hapo hapo. Lori likasimama. Mwanaume mwembamba akashuka, shingo yake imepinda upande mmoja, akatutazama bila kuinyoosha.

"Nimetoka kwa pont ya Tshopo, kule darajani, hivi hivi," akasema. "Marche arrière, nyuma nyuma tu. Vitesse zingine zote zimekataa."

"Mpaka hapa Mangobo?" nikauliza.

"Mpaka hapa. Batu ba toleka banapita na vélo zabo, baiskeli za kubeba batu, bananipigia kengele, banacheka. Mama mumoja ameniambia, papa, Banalia iko kule, unarudi?"

Tonton Feruzi alikuwa anajaribu kutocheka. Alishindwa. "Papa, karibu. Batu bengine banatuletea gari, weye umetuletea mugongo."

"Lakini shingo yangu ndiyo inataka fundi kwanza," yule mgeni akajibu, na wote watatu tukacheka.

Jina lake lilikuwa Ezéchiel. Alikuwa mtu wa Butembo, mwenye mzigo wa mchele na karanga alizonunua njiani huko kaskazini, na alitakiwa kuwa Bafwasende kesho yake. Niliingia chini ya lori na taa ya kichwa. Haikunichukua muda kuona tatizo: bushi ya fimbo ya gia ilikuwa imeliwa yote, fimbo ikawa inacheza kama jino bovu, na mahali pekee ilipoweza kushika ni kwenye gia ya kurudi nyuma.

"Tonton, ni bushi!" nikapaza sauti.

"Ukubwa?"

Nikamwambia. Akachukua kisu chake na kipande cha tairi kuukuu. Mjomba wangu anaweza kukata kitu chochote kutoka kwenye tairi: bushi, gasketi, kandambili, hata mpira wa mlango wa friji. Hapimi. Anatazama, anafumba jicho moja, anakata. Mimi nina diploma ya ufundi wa magari ukutani kwa mama yangu kule Yanonge, nimesoma jinsi ya kuunganisha kompyuta na injini na kusoma makosa yake kwenye kioo, lakini sijawahi kukata bushi moja ikaingia mara ya kwanza. Zake huingia.

Ilikuwa Jumatano. Nasema siku kwa sababu wiki ile nilikuwa nahesabu siku. Kampuni moja ya magari ilikuwa inafungua karakana yake karibu na bandari, na kwenye tangazo lililobandikwa ukutani mjini, namba mbili ilikuwa hii: fundi wa kutafuta hitilafu kwa kompyuta, nafasi moja. Kupokea dosie za maombi ni Ijumaa tu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Nilikuwa nimemaliza chuo miaka mitatu iliyopita. Katika miaka hiyo yote lile lilikuwa tangazo la kwanza Kisangani lililotaja kazi niliyosomea, na nilikuwa nimelisoma mara nyingi mpaka mlinzi wa ukuta ule akaanza kunisalimia kwa jina.

Bushi iliingia mara ya kwanza. Ezéchiel akapanda, akajaribu gia ya kwanza, ya pili, akapiga honi kwa furaha. Kisha akashuka tena, akatoa chini ya kiti bahasha ya kaki iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mutoto, Ijumaa unafika muji? Upande wa port?"

"Ijumaa niko naenda kule kabisa, papa."

"Alors ni Mungu amevunja vitesse yangu." Akanishikisha ile bahasha. "Hii iko ya mutoto mumoja mwanamuke, ng'ambo ya muto Aruwimi, mbali kupita Banalia. Simujue. Nilipewa kwa bac, pa kivuko. Nilisema nitafikisha, lakini Ijumaa nitakuwa Bafwasende. Unaweza?"

"Naweza. Likambo te, hakuna shida."

"Usiache kwa sentinelle, kwa mulinzi." Alinyoosha kidole, na kwa mara ya kwanza akajitahidi kuinyoosha na shingo. "Mwaka jana alituma ingine. Mutu akaacha kwa mulango, kwa sentinelle. Mpaka leo hakuna jibu. Hii, mukono kwa mukono. Unaahidi?"

"Mukono kwa mukono. Naahidi, papa."

Nilisema kama mtu anavyosema habari za asubuhi.

"Bon. Andika jina yako."

Kwetu, barua isiyopita posta ina desturi yake. Anayeituma huandika P.B., par bonté, yaani kwa wema wa, na jina la anayeibeba. Ikibadilisha mikono, anayeipokea naye anaongeza jina lake. Ile bahasha ilikuwa imejaa upande wa mbele, kwa hiyo majina yalikuwa nyuma, kila moja kwa mwandiko wake na wino wake. P.B. Timothée. P.B. Lydie. P.B. Ezéchiel.

"Timothée ni katekista, alitoka nayo kijijini na vélo," Ezéchiel akaeleza. "Lydie ni mama wa pirogue, ule wa mutumbwi, anauzishaka samaki. Ananiambia mvua ilimupata, akaweka enveloppe ndani ya sufuria, samaki akaweka inje."

Niliilaza kwenye goti, kiganja chini ili nisiichafue kwa grisi, nikaandika: P.B. Viviane. Ezéchiel akasoma, akaridhika, akatupa mkono sote wawili. Alitoka garajini uso mbele, akipiga honi njia nzima, na wale wa toleka waliokuwa wamemcheka wakampigia makofi.

Ndipo nikaigeuza bahasha nisome inakwenda kwa nani.

Ilikuwa kampuni ile ile. Chini ya anwani, kwa herufi zilizopangwa kwa rula, palikuwa pameandikwa: OFA NAMBA 2. Na kwenye kona, jina la mtumaji: Kanyere, fundi.

Tonton aliona uso wangu. "Ni nini?"

"Ni dosie, Tonton. Ya kazi ile ile."

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Alijua nafasi ni ngapi. Nilimwambia mara mia. Aliuliza hata hivyo. "Iko ngapi?"

"Moja."

Hakusema fanya hivi wala fanya vile. Aliitundika bahasha kwenye msumari juu ya meza, pale tunapotundika funguo za wateja, akasema, "Haya. Yako inabakia nini?"

Yangu ilibaki kitu kimoja: hati ya mazoezi ya kazi, yenye sahihi ya mwenye garaji na mhuri. Sahihi ilikuwepo. Mhuri haukuwepo. Garaji ya Tonton Feruzi ni paa la mabati, kontena lililokatwa katikati na kibao kilichochorwa na rafiki yake. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kumuomba karatasi. Lakini hapa kwetu karatasi bila mhuri, kashe kama tunavyouita, ni karatasi ya kufungia mikate.

"Kashe?" alisema, kama nimemtukana. "Kashe ni nini? Si mpira? Mpira niko nao."

Alhamisi alasiri alikaa na kipande bora cha tairi na wembe mpya, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo. Alichonga saa tatu nzima. Wateja walikuja, akawafukuza. Alichonga GARAGE FERUZI, akachonga KISANGANI kwa mduara, na katikati, kwa sababu alikuwa na nafasi na upendo umemzidi, akachonga spana ndogo. Alipaka wino. Akapumua. Akaukandamiza mhuri juu ya hati yangu kwa kiganja chote, akahesabu mpaka tano, akauinua.

Spana ilikuwa safi kabisa. Maneno yote yalikuwa yamegeuka. Tulilazimika kuipeleka hati mbele ya kioo cha pembeni cha teksi iliyokuwa inangoja breki ndipo tukasoma GARAGE FERUZI.

Tulitazamana kwenye kile kioo.

"Tonton," nikasema, "hata weye umeingia marche arrière."

Alicheka mpaka akaketi chini. Mimi pia. Kisha kicheko kikaisha, akaishika ile hati iliyoharibika kwa ncha za vidole, na nikaona macho yake. Ilikuwa nakala ya pekee. Tulikimbilia cyber kuichapa upya, umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, kijana wa pale akasema labda asubuhi.

"Ni miye," Tonton alisema njiani. "Bushi haisomwake. Gasketi haisomwake. Miye mikono yangu haijue kitu inasomwaka."

"Ni kashe muzuri kupita zote za Kisangani," nikamwambia, na nilimaanisha. Kile kipande cha tairi ninacho mpaka leo.

Jioni ile, nikingoja ndizi za lituma ziive, niliichukua ile bahasha msumarini. Unyevu wa safari ulikuwa umelegeza gundi, na picha ndogo ya pasipoti ikateleza ikaniangukia mapajani. Msichana wa umri wangu. Masikio yamejitokeza kidogo, kola ya shati la kuazima imemzidi shingo. Alikuwa ametazama kamera kama mtu anayeambiwa usipepese macho naye akatii. Kwenye kucha ya kidole gumba kilichokuwa kimeshika kola, iliyoingia kwenye picha kwa bahati mbaya, palikuwa na weusi. Naujua weusi huo. Hautoki kwa sabuni, hautoki kwa limau, hautoki hata kwa Krismasi.

Sikusoma kingine. Ningependa kusema ni uaminifu, lakini kweli niliogopa kukuta ananizidi.

Niliwaza mawazo ambayo sijivunii. Kwamba kuchelewa si kuiba. Kwamba bahasha iliyopitia kwa baiskeli, mtumbwi, sufuria ya samaki na lori linalorudi nyuma inaweza kupotea popote, na hakuna atakayeuliza ilipotelea wapi. Lakini nilipoigeuza niliona atakayeulizwa. Timothée alifikisha. Lydie alifikisha. Ezéchiel alifikisha, na shingo yake ikawa ushahidi. Jina la nne lilikuwa langu. Yeyote atakayefuatilia barua hii angeifuata jina kwa jina mpaka kwa Viviane, na hapo njia ingekatika.

Nilirudisha picha ndani, nikaifunga bahasha kwa uji wa muhogo, nikaikandamiza chini ya chuma cha kung'olea tairi mpaka ikakauka.

Ijumaa umeme ulirudi saa tatu. Saa nne hati mpya ilikuwa imechapwa, na Tonton, aliyeamka alfajiri, alikuwa tayari na mhuri wa pili, uliochongwa huku akitazama wa kwanza kwenye kioo. Alipiga. Ulisomeka. Alininawisha mikono mwenyewe kwa mafuta ya taa, kama nilipokuwa mdogo, akanipandisha kwenye toleka akamwambia mwendeshaji, "Ule ni injenia, usimuangushe."

Foleni ilikuwa imefika kona ya barabara. Nilisimama na bahasha mbili kifuani, jua likiwa juu, harufu ya mto ikija kutoka bandarini. Watu walikuwa wachangamfu. Kijana mbele yangu aliomba kazi ya udereva na alikuwa anaonyesha kila mtu jinsi anavyobadilisha gia bila gari. Ilikuwa kama saa tano na nusu dirisha la kupokelea dosie lilipofunguka zaidi na mama mwenye miwani akatoa kichwa.

"Mutu moja, enveloppe moja! Ba commissionnaires, bale ba kubeba za bengine, nimewaona! Mutu iko na mbili, anaacha moja, anarudi nyuma ya mustari. Saa sita nafunga."

Jina lake, watu walisema, lilikuwa Mama Françoise, na alikuwa hajawahi kufunga saa sita na dakika moja.

Niligeuka nikatazama nyuma. Watu wapatao thelathini, na kila mmoja ameshika bahasha yake kama mtoto mchanga. Nikamuuliza dada aliyekuwa nyuma yangu kama angeweza kunipokelea moja. Akanionyesha yake. Nikamuuliza wa nyuma yake. Naye.

"Na yenye haifike?" nikamuuliza yule dada.

Akanionyesha kwa mdomo langoni, alipoketi sentinela juu ya kreti la soda, kando yake katoni iliyokuwa na biskuti zamani. "Zenye zimechelewa zinaingia kwa carton. Bakubwa bakipenda, batafungua."

Dakika ishirini zile ndizo ndefu kuliko miaka yangu mitatu. Nilijaribu kila njia ya kuhesabu. Ningeanza na yangu, niiweke ya Kanyere katonini. Bado ingekuwa imefika, au karibu kufika. Ni mita tano tu kutoka dirishani hadi langoni. Lakini katoni ilikuwa sentinela, na sentinela ndilo neno pekee nililokatazwa. Nilimwona Kanyere akiniangalia bila kupepesa. Nilimwona Tonton akichonga huku akitazama kioo. Nilitamani mtu aniambie fanya hivi, na hakuna aliyejua kwamba kuna kitu cha kufanya.

Zamu yangu ilifika saa sita kasoro dakika sita. Nikainua mkono. Bahasha iliyopita dirishani ilikuwa ile yenye uji wa muhogo.

Mama Françoise alisoma mbele, akageuza, akaanza kusoma nyuma, kwa sauti, kama anaita mahudhurio. "Timothée. Lydie. Ezéchiel. Viviane." Akainua macho juu ya miwani. "Viviane ni nani?"

"Ni miye, mama."

"Na Kanyere?"

"Iko mbali, mama. Ng'ambo ya Aruwimi."

"Ndugu yako?"

"Simujue."

Macho yake yalishuka kwenye bahasha ya pili, iliyobaki kifuani mwangu. "Na hii?"

"Ni yangu."

"Kazi gani?"

"Namba mbili."

"Namba mbili," akarudia. Aliiangalia ya Kanyere mkononi mwake, kisha mimi. Kwa muda mfupi nilidhani atanyoosha mkono. Lakini nyuma yangu sauti zilianza, moja moja, huyo ana mbili, huyo ana mbili, na yeye alizisikia kama mimi. "Mwana yangu," akasema polepole, "nikipokea mbili, hawa batavunja dirisha."

"Najua, mama."

Aliigonga bahasha ya Kanyere mhuri, akaandika saa, akachana kipande cha risiti akaniwekea mkononi. Mkono wake ulishika wangu muda zaidi ya ulivyohitaji.

Sentinela alikuwa anakula mikate ya kukaanga kutoka kwenye karatasi. Alisogeza katoni kwa mguu bila kunitazama. Ndani palikuwa na bahasha kama kumi, moja ina alama ya kiatu.

"Papa, jina yako ni nani?"

Akaacha kutafuna. "Ya nini?"

"Nataka kuijua."

"Édouard."

Niliomba kalamu kwa yule dada wa foleni. Nikaegemeza bahasha yangu ukutani, nikaigeuza, na nyuma, palipokuwa peupe kabisa, nikaandika: P.B. Édouard. Nikamuonyesha.

Alisoma kwa midomo. Akapangusa mafuta ya mikate kwenye suruali, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, ndipo akaipokea, kwa mikono yote miwili. Hakuiweka katonini. Aliiweka juu ya magoti yake, akainyoosha.

"Sasa umeniandika," alisema.

"Nimekuandika, papa."

Dirisha la Mama Françoise likafungwa. Saa sita. Nilitoka nikaelekea barabara ya Banalia, mahali malori yanapopakia, nikiwa na kile kipande cha risiti kimekunjwa mara mbili, kutafuta dereva anayekwenda upande wa Kanyere amfikishie.